Sakafu Isigeuzwe Dari

Kuna hoja isiyokoma katika siasa za Marekani: ati mazingira ni suala la majimbo, na Washington ikae kando. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wasiipime hoja hiyo kwa utamu wake, bali kwa matendo ya wanaoitoa pale jimbo linapoitumia haki hiyo kweli.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Hewa Safi ya 1970 na Sheria ya Maji Safi ya 1972 ziliweka sakafu, yaani kiwango ambacho jimbo haliruhusiwi kushuka chini yake. Juu ya sakafu hiyo, kwa sehemu kubwa, jimbo lina hiari ya kujenga. Sakafu ilihitajika kwa kuwa moshi na mto havina mpaka: jimbo la juu likilegeza sheria ili kuvutia viwanda, wa chini ndio wanaokunywa uchafu.

Mwaka 2023, katika kesi ya Sackett, Mahakama ya Juu iliziondoa chini ya ulinzi wa shirikisho ardhioevu zisizoungana waziwazi na maji ya kudumu. Sakafu ikabomolewa upande mmoja. Colorado ikatunga sheria yake mwaka 2024 kuziba pengo hilo. North Carolina ilifanya kinyume: katika mwaka uleule wa hukumu, bunge lake lilipindua turufu ya gavana na kuamua kwamba jimbo lisilinde ardhioevu kupita kiwango cha shirikisho. Hapo sakafu imegeuzwa dari.

Sasa tazameni magari. California ilianza kuudhibiti moshi wa magari kabla ya shirikisho, na kwa sababu hiyo sheria huiruhusu kuomba kibali cha kuweka viwango vikali zaidi, ambavyo majimbo mengine yanaweza kuviiga. Juni 2025 Rais Trump alitia saini maazimio ya Bunge yaliyofuta baadhi ya vibali hivyo, kikiwemo kile cha mpango wa kukomesha uuzaji wa magari mapya ya petroli ifikapo 2035. Walioshangilia ni walewale wanaohubiri haki za majimbo.

Basi tusidanganyike. Haki ya jimbo kuharibu hutetewa kwa sauti kuu; haki ya jimbo kulinda huitwa uvamizi. Huko si kugawana madaraka, ni kuchagua mlango ambao mchafuzi atapitia.

Mtumishi wa umma anayeandika kanuni, mwanaharakati anayesimama mahakamani, na mwanafunzi anayejiandaa kuwarithi, waulize swali moja kila wasikiapo neno "madaraka": je, jimbo linaachiwa kupanda juu, au linasukumwa chini? Ngazi mbili za serikali zina maana pale tu moja inapoteleza na nyingine ikamshika mwananchi asianguke.