Debian: sheria bila polisi, nani anazilinda?

Tarehe 29 mwezi wa tatu 2024, mtaalamu wa programu Andres Freund alitangaza jambo lililoshtua watu wengi wa kazi ya ordinatere. Alikuwa anapima kazi yake ingine kabisa, akaona kwamba kuingia ndani ya ordinatere iliyo mbali kunachelewa karibu nusu sekunde. Nusu sekunde tu! Mwingine angeachilia. Yeye alichimba, na akakuta kumbe ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili, mtu ameficha mlango wa wizi.

Ordinatere aliyokuwa anapimia ilikuwa inatumia Debian. Ni mfumo wa ordinatere unaotengenezwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi, tangu Ian Murdock auanzishe mwaka wa 1993. Hakuna kampuni inayoumiliki. Ubuntu, ambayo wengi wanaijua, imejengwa juu yake, na ordinatere nyingi zinazobeba kurasa za intaneti zinautumia. Hata wewe unayesoma habari hii kwa simu, pengine Debian imekwisha kukuhudumia bila wewe kujua.

Kwa hiyo swali linatuhusu: watu wasiolipwa wanawezaje kuwa na sheria kali, na ni nani anahakikisha zinafuatwa?

Kwanza, tuelewane juu ya pakiti. Pakiti ni programu iliyofungwa pamoja na maelezo yake: inahitaji programu gani zingine, mafaili yake yanakaa wapi, leseni yake inaruhusu nini. Debian 12, iliyotoka mwezi wa sita 2023, ilikuwa na pakiti zaidi ya 64 000. Kama kila mutu angefunga ya kwake namna anavyopenda, moja ingeharibu mafaili ya ingine. Ni sawa na soko ambamo kila muuzaji wa maharagi ako na kipimo chake.

Ndiyo sababu kuna kitabu cha sheria kinachoitwa Debian Policy. Kinapanga mambo kwa ngazi: yale ya lazima, yale yanayofaa, na yale yanayoruhusiwa. Pakiti ikivunja jambo la lazima, hilo ni kosa zito, na inaweza kuondolewa katika toleo linalotayarishwa. Kuna pia programu ya ukaguzi, Lintian, inayopitia pakiti na kuonyesha makosa. Na pakiti mpya haifiki kwa watu wote mara moja: inaanzia katika tawi la majaribio, inangoja siku kazaa, na ikionekana na kosa zito jipya, inabaki pale.

Angalia vizuri: azabu inaangukia pakiti, si mutu. Katiba ya Debian yenyewe inasema kwamba hakuna anayelazimishwa kufanya kazi; anachokatazwa ni kupinga kwa vitendo maamuzi ya wote. Na ni lazima iwe hivyo. Utamkata mshahara namna gani mutu asiye na mshahara? Mtunzaji wa pakiti akinyamaza, mwenzake anaweza kumjulisha, kisha kutengeneza kosa mahali pake. Mlango unafungwa, lakini hakuna anayesukumwa kwa nguvu.

Je, inatosha? Mambo mawili yanajibu.

La kwanza lilijulikana mwezi wa tano 2008. Mwaka wa 2006, katika pakiti ya OpenSSL, inayosaidia kutengeneza funguo za siri, mstari wa programu uliondolewa kwa sababu chombo cha ukaguzi kilikuwa kinaulalamikia. Matokeo: kwa kila aina ya ufunguo, yalibaki makisio elfu makumi machache tu, kazi ndogo kwa ordinatere ya mwizi. Hilo lilikaa karibu miaka miwili. Pakiti ilikuwa imefungwa vizuri, lakini ndani imeoza.

La pili ni xz. Sehemu moja ya ubaya haikuwekwa mahali pa wazi ambapo watu wanasoma programu; iliwekwa katika furushi lililotolewa kwa wafungaji wa pakiti. Iliingia katika matawi ya majaribio ya Debian, lakini haikufika katika toleo imara. Hapo ile sheria ya kungoja ilisaidia: ilipatia watu wakati. Lakini aliyeona ni mutu, si programu ya ukaguzi.

Na mwizi aliingia namna gani? Aliyekuwa anatunza xz, nje ya Debian, alikuwa karibu peke yake. Akatokea msaidizi mwenye bidii, akafanya kazi kwa zaidi ya miaka miwili, huku majina mengine yakimsukuma mtunzaji agawanye madaraka. Mwishoni alimwamini.

Wapo wanaosema tukaze sheria: programu zichukuliwe moja kwa moja mahali pa wazi, na kila pakiti muhimu ichunguzwe na watu wawili. Ni mawazo mazuri. Lakini wanachama wa Debian wenye haki ya kura ni karibu 1 000 tu, na wengi wanafanya hii kazi usiku, kisha kazi ya mkate. Kila sheria mpya inaomba saa za mutu fulani. Kampuni zinazopata faida kwa kutumia programu hizi zingeweza kulipa sehemu ya saa hizo.

Sisi tunaojua salongo tunaelewa. Sheria ya kusafisha mtaro iko na nguvu wakati watu wanakuja. Mmoja akibaki peke yake kila siku ya posho, siku moja atampa chepeo mutu wa kwanza anayejitolea kumsaidia, bila kumuuliza ametoka wapi.