Kwa nini vyuo vidogo Marekani vinafuta shahada ya Kihispania?

Marekani ina zaidi ya watu milioni 40 wanaozungumza Kihispania nyumbani. Baada ya Kiingereza, hakuna lugha nyingine yenye wazungumzaji wengi kiasi hicho nchini humo. Hata hivyo, baadhi ya vyuo vidogo vinapunguza au kufuta shahada ya lugha na fasihi ya Kihispania. Inakuwaje?

Sababu ya kwanza ni fedha. Chuo kidogo chenye wanafunzi elfu moja au mbili hutegemea sana ada. Tangu mdororo wa uchumi wa 2008, idadi ya watoto wanaozaliwa Marekani imeshuka, na kizazi hicho ndicho sasa kinafikia umri wa chuo. Ada zikipungua, uongozi hutafuta pa kukata, na darasa la fasihi lenye wanafunzi sita huonekana haraka.

Sababu ya pili ni hofu ya ajira. Kijana anayesoma kwa mkopo huona usalama katika biashara, uuguzi au kompyuta. Tena simu siku hizi inatafsiri papo hapo, na wengine wanauliza: miaka minne ya nini?

Kwa mujibu wa MLA, chama cha wasomi wa lugha na fasihi nchini humo, wanafunzi wa lugha za kigeni vyuoni walipungua kwa zaidi ya asilimia 16 kati ya 2016 na 2021. Kihispania bado kinaongoza, lakini nacho kimeshuka. Mwaka 2023 hata chuo kikubwa cha umma, West Virginia University, kiliamua kufuta shahada zake za lugha za kigeni.

Nini kinapotea?

Mara nyingi masomo ya mwanzo hubaki: salamu, sarufi na mazungumzo. Kinachoondoka ni masomo ya juu, ambapo mwanafunzi husoma Don Quijote ya Cervantes au riwaya za García Márquez na kuandika insha kwa Kihispania. Huko ndiko anakoandaliwa mwalimu wa sekondari, na ndiko mkalimani wa hospitali anakojifunza kumwelewa mgonjwa anayeeleza maumivu yake kwa mafumbo.

Walimu wakikosekana, shule za sekondari hufundisha lugha kidogo. Wanafunzi wachache zaidi hufika chuoni wakiipenda, na chuo husema: mnaona, hakuna wanaoitaka.

Vyuo vidogo vina historia yao katika fasihi hii. Gabriela Mistral, binti wa bonde la Elqui nchini Chile aliyeanza kazi kama mwalimu wa shule za vijijini, baadaye alifundisha Middlebury na Vassar. Mwaka 1945 akawa mwandishi wa kwanza wa Amerika ya Kusini kupata Tuzo ya Nobel ya fasihi.

Baadhi ya vyuo sasa vinashirikiana: mwalimu mmoja hufundisha wanafunzi wa vyuo kadhaa kwa njia ya intaneti. Vingine vinaunganisha Kihispania na uuguzi au sheria.

Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki, jambo hili si la mbali. Kiswahili nacho hufundishwa katika vyuo vikuu vya Marekani, kikiwa na wanafunzi wachache zaidi. Ikiwa lugha yenye mamilioni ya wazungumzaji papo hapo nchini inakosa nafasi darasani, lugha ya wageni wa mbali itahitaji watetezi zaidi.