Takwimu Zionekane: Somo la Hanang kwa Vyuo Vikuu

Na Mwandishi Wetu

Jumapili ya Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuvamia mji mdogo wa Katesh pamoja na maeneo jirani, yakiwemo Jorodom na Gendabi, mkoani Manyara. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wataalamu wa Serikali walieleza kuwa sehemu ya mlima ilinyonya maji ya mvua, ikalainika na kumeguka. Serikali na wadau wamewajengea waathirika makazi mapya katika eneo la Waret. Pamoja na hatua hizo, tukio lile limeacha swali kwa taasisi za elimu ya juu: taarifa za kitaalamu ziwasilishwe vipi ili mwananchi azielewe kwa haraka na achukue hatua mapema?

Miezi michache kabla ya maafa hayo, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitabiri kuwa mvua za Vuli zingekuwa za juu ya wastani kutokana na El Niño. Hata hivyo, utabiri wa msimu unaohusu kanda nzima hauwezi kumwonyesha mkazi wa Katesh ni korongo lipi litakalofurika, wala ni nyumba zipi zilizo katika njia ya maji.

Jiografia ya eneo hili inaonyesha ugumu huo. Wilaya ya Mbulu ina nyanda za juu zenye baridi na mashamba yaliyosongamana. Upande wa magharibi ardhi inashuka hadi Bonde la Yaeda, lililo kame na lenye watu wachache. Wilaya ya Hanang ina mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, na pia tambarare za Basotu zinazolimwa ngano. Wilaya inapopakwa rangi moja kwenye ramani, mlima, tambarare na bonde huonekana sawa. Takwimu zinaweza kuwa sahihi, lakini mchoro ukaficha hatari yenyewe.

Kuzuia kasoro ya aina hiyo ndiyo kazi ya taaluma ya uwasilishaji wa taarifa kwa michoro. Mwanafunzi hujifunza kutofautisha idadi na uwiano, kwa kuwa kata yenye watu wengi inaweza kuonekana kuongoza kwa wagonjwa hata pale ambapo hali yake ni nafuu. Hujifunza kwamba nguzo za grafu zisipoanzia sifuri hukuza tofauti ndogo, na kwamba wapo watu wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani. Muhimu zaidi, hujifunza kuupima mchoro kwa msomaji anayekusudiwa, akiwemo mzee wa Mbulu au Hanang anayezungumza zaidi Kiiraqw au Kidatoga kuliko Kiswahili.

Taaluma hii ina historia ndefu. Mwaka 1858, Florence Nightingale wa Uingereza alitumia mchoro kuonyesha kuwa askari wengi katika vita vya Krimea walikufa kwa magonjwa yanayozuilika kuliko kwa majeraha. Hapa nchini, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwakutanisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wa kata za jijini Dar es Salaam zinazokumbwa na mafuriko. Walichora mitaa, nyumba na mifereji, huku wenyeji wakieleza maji hupita wapi na hufikia kina gani.

Uzoefu huo unaweza kutumika Manyara. Sensa ya mwaka 2022, iliyohesabu watu 61,741,120 nchini, ilikusanya taarifa kwa vishikwambi na kutanguliwa na utengaji wa maeneo kwa ramani za kidijitali. Takwimu za makazi zikiunganishwa na za mvua, mteremko, udongo na makorongo, ramani ya ngazi ya kitongoji inaweza kutengenezwa. Kazi hiyo inahitaji wahitimu wanaoelewa takwimu, jiografia na usanifu kwa pamoja. Vyuo vikuu havina budi kuwafundisha masomo hayo kwa pamoja, na mafunzo kwa vitendo yafanyike vijijini.

Watumiaji wa kwanza wa ramani hizo watakuwa kamati za usimamizi wa maafa, zinazotambuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji na mtaa. Kamati ya kijiji ikiwa na ramani inayosomeka itaweza kuamua mapema kaya zipi zihamishwe na zipite njia gani.

Kwa sasa, wananchi wanashauriwa kufuatilia taarifa za TMA na kuzingatia maana ya rangi zake: njano ni angalizo, rangi ya machungwa ni tahadhari, na nyekundu ni tahadhari kubwa. Kabla ya kusambaza ramani au grafu yoyote, mwananchi aangalie tarehe yake, taasisi iliyoitoa na eneo linalohusika.