Gobore la babu si mali mpaka liwe na leseni

SI ajabu katika vijiji vya Bahi, Chamwino, Kondoa au Manyoni kusikia kwamba marehemu ameiachia familia bunduki ya zamani. Inaweza kuwa gobore la kushindilia baruti mdomoni, au shotigani ya mitutu miwili iliyotengenezwa Birmingham, Uingereza, enzi za ukoloni. Inaviringishwa kwenye gunia, inafichwa darini, na wanafamilia wanasema hiyo ni mali ya ukoo.

Kwa mtazamo wangu, swali la kwanza si itauzwa shilingi ngapi. Swali ni je, ina leseni na ni ya jina la nani? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa bunduki, hata mwenye mali anaweza kupotea nayo.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kumiliki silaha bila leseni, na leseni hupewa mtu, si nyumba. Kikao cha ukoo kinaweza kugawa mbuzi na shamba, lakini hakiwezi kugawa bunduki. Mjane au mtoto aliyeikuta hana budi kutoa taarifa polisi mapema, kisha aombe leseni au aisalimishe. Mwaka 2022 na tena mwaka 2023 Serikali ilitoa muda wa msamaha kwa waliosalimisha silaha kwa hiari. Waliochelewa wasisubiri msamaha mwingine. Wasiibebe kwenye basi pia. Waende kwanza kutoa taarifa na kuomba maelekezo.

Wapo watakaosema wanaihitaji kulinda mazao. Tupige hesabu. Kwelea kwelea huvamia mtama na uwele kwa makundi makubwa mno. Risasi moja huua wachache, wengine wanahamia shamba la jirani na kurudi baadaye. Ndiyo maana Serikali hutumia ndege kunyunyizia sumu mahali wanapolala. Tembo naye, marisawa humjeruhi tu na kumfanya awe hatari zaidi, tena kumuua bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Ukijumlisha leseni, risasi na nauli za kufuatilia, ekari mbili za uwele hazirudishi gharama hiyo. Kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu ni nafuu zaidi, na uzio wa mizinga ya nyuki unakupa na asali.

Thamani ya bunduki hizi iko kwenye historia. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, na watemi waliitoza hongo. Bunduki na baruti zilikuwa miongoni mwa bidhaa za biashara ile. Anayetaka kuhifadhi kumbukumbu hiyo kihalali anapaswa kujua mambo machache.

Kwanza, chukulia kwamba imejaa. Baruti nyeusi ikikaa kavu ndani ya gobore inaweza kulipuka hata baada ya miaka mingi. Usiichokonoe, mwachie mtaalamu wa silaha.

Pili, ikishathibitishwa kuwa tupu, ifute vumbi na uipake mafuta mepesi, hasa kabla ya masika. Iwe mahali pakavu penye kufuli, mbali na watoto, na risasi zikae mahali pengine. Usisugue mihuri na herufi zilizo kwenye chuma, kwani ndizo zinazoeleza ilikotengenezwa. Ukizifuta umefuta na thamani yake.

Tatu, usiifyatue kabla ya kukaguliwa. Mitutu mingi ya zamani ilitengenezwa kwa tepe za chuma zilizosokotwa, kwa ajili ya baruti nyeusi. Risasi za kisasa zina nguvu kupita kiasi chake. Mtutu ukipasuka unaondoka na vidole. Vilevile, usichanganye risasi za geji 20 na 12. Ya 20 huteleza ndani ya mtutu wa 12 na kukwama, na ukiweka ya 12 nyuma yake ukafyatua, mtutu unalipuka.

Baruti ikishatumika, masalia yake huvuta unyevu na kuleta kutu. Mtutu uoshwe kwa maji ya moto na sabuni, ukaushwe, upakwe mafuta siku hiyo hiyo.

Kwa upande wa Serikali, ningeshauri mtaalamu wa mambo ya kale azione kwanza silaha zinazosalimishwa kabla hazijateketezwa. Gobore lililotolewa uwezo wa kufyatua, likawekwa makumbusho na maelezo yake, litawafundisha watoto wetu historia ya njia ya misafara. Likibaki darini, litawaachia kesi au kilema.