Mizani Peke Yake Haitoshi

Katika vijiji vya Newala, juu ya uwanda wa Makonde, na vya Masasi, upande wake wa magharibi, mama huenda kliniki na kadi ya mtoto mkononi. Mtoto hupimwa uzito, nukta hutiwa kwenye kadi, mama hurudi nyumbani. Kazi hiyo ni njema, lakini nukta moja haielezi mengi. Linalosema kweli ni mstari unaoziunganisha.

Wataalamu hutazama uwiano wa uzito na urefu: kilo hugawanywa kwa mita za urefu zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe. Mtu mzima akiwa chini ya 18.5 huhesabiwa kuwa amekonda. Kwa mtoto kiwango kimoja hakifai, kwani uwiano huo hupanda katika mwaka wa kwanza, hushuka hadi karibu na miaka 5 au 6, kisha hupanda tena. Ndiyo sababu mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vya kila umri, vilivyotokana na watoto wapatao 8,500 wa Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani.

Hata hivyo, uwiano nao huweza kudanganya. Mtoto aliyedumaa huonekana sawa, kumbe uzito na urefu vyote vimebaki nyuma. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Basi ubao wa kupimia urefu una haki sawa na mizani.

Majira nayo yazingatiwe. Fedha za korosho huja mwishoni mwa mwaka. Wakati wa mvua, kabla ya mavuno, ghala huwa tupu. Anayelinganisha kipimo cha Februari na cha Julai bila kuandika tarehe hupima msimu, hampimi mtoto.

Hapana budi, basi, watendaji wasiridhike na kupeleka wastani wilayani, maana wastani humficha mtoto anayeporomoka. Waulize ni mistari ya nani inayoshuka, na nyumba hizo zifikiwe. Walimu nao, wanaompokea mtoto anapoacha kliniki, waweke daftari la urefu na uzito kila muhula. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wenyewe huonekana kwenye kadi, kwa anayeisoma.