Lori kuukuu: Kagua namba ya injini kabla ya bei

Malori ya Bedford yalianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1931. Kampuni ya General Motors ilijitoa katika biashara hiyo miaka ya 1980, hivyo yaliyosalia ni makongwe, na mengine yamekwishabadilishwa injini.

Kwa mkulima au mfanyabiashara anayetafuta lori la kubebea mazao, hilo ni suala la fedha. Nchini Tanzania, kadi ya gari huonyesha namba ya injini na ya chasisi. Zisipolingana na za kwenye gari, uhamisho wa umiliki unaweza kukwama.

Wanunuzi wengine huchanganya namba mbili. Iliyoinuka juu ya chuma ilitoka na kalibu kiwandani. Huonyesha aina ya bloku, na injini nyingi huwa nayo. Iliyogongwa ikazama ndani ya chuma hutambulisha injini moja tu, na ndiyo ya kulinganisha na kadi. Sehemu hiyo ikiwa imesagwa, mnunuzi atahadhari.

Injini iliyobadilishwa si lazima iwe mbaya, mradi kadi imerekebishwa na vipuri vyake vinapatikana. Hasara ni kulipia injini ya asili ambayo haipo.