TUSIUDHARAU MMUMUNYE

Leo nimeshika kalamu kuutetea mmumunye, ule mmea unaotambaa ugani na kutupatia vibuyu na agwata.

Mwaka jana mama alikodi shamba karibu na ziwa, hapa Karungu, akapanda matikiti maji. Matunda yalipofika ukubwa wa kichwa cha mtoto, mimea ilianza kunyauka mmoja baada ya mwingine, ingawa tulinyunyiza maji kila jioni. Mwalimu wa Kilimo alipasua shina moja akatuonyesha ndani: limegeuka kahawia. Alisema ni kuvu anayeingilia mizizini, na kwamba anaweza kukaa udongoni miaka mingi. Pesa zangu za chakula cha mchana zikakauka pamoja na mimea.

Hapa kwetu Migori, na hata kwa jamaa zetu wa Kendu Bay kule Homa Bay, mtu akipatwa na janga hilo huhama shamba tu. Ati udongo umechoka! Je, ufuo ukiisha tutahamia ziwani?

Kumbe njia ipo. Tangu miaka ya 1920, wakulima wa Japani huunganisha tikiti na mizizi ya boga au ya mmumunye, kwa maana mizizi hiyo haiuawi kwa urahisi na kuvu wa tikiti. Mche mchanga wa mmumunye hukatwa ncha, ukatobolewa kwa kijiti safi, kisha kichwa cha mche wa tikiti kilichochongwa kikachomekwa humo. Miche hufunikwa kwa nailoni kivulini kama wiki moja hadi jeraha lipone. Wakati wa kupanda, kiungo kisifukiwe, la sivyo tikiti litaotesha mizizi yake na kuugua tena.

Najua wapo watakaosema hiyo ni kazi nyingi. Ni kweli. Mbegu ni za aina mbili, na miche mingine hufa. Lakini kwani kupoteza shamba zima ni hasara ndogo? Miembe tunaiunganisha, mbona matikiti tusijaribu?

Ombi langu kwa walimu ni tuta moja tu katika shamba la shule: nusu miche ya kawaida, nusu iliyounganishwa, tuone wenyewe. Wahenga walinena kuwa umoja ni nguvu. Mbegu za mmumunye nitaleta mimi, mama ameshazianika.